Bimkubwa, Nguzo ya Zege na Baraza Lake

Kijiko kiligonga kikombe. Mara moja tu, halafu kimya.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Jikoni kulikuwa na giza na hakuna aliyewasha taa. Chumbani kwake, Taufiq alikuwa macho. Alisikia maji yakimiminwa taratibu. Sauti ya maji ilianza nzito, ikapanda, ikawa nyembamba, kisha ikakatika. Kijiko kikagonga tena. Hapo akajua kwamba mama yake anajimiminia chai kwa masikio.

"Nilitaka kutoka nikamwashie taa," Taufiq ametusimulia. "Mke wangu akanishika mkono. Akaniambia, mwache, anafanya mazoezi."

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Jioni hii tunamkumbuka Bimkubwa Jawad, mzaliwa wa Wete, Pemba, mkazi wa Landover, hapa Maryland, kwa miaka kumi na tisa. Alifariki wiki mbili zilizopita akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Wengi wenu mlimjua kazini, kule ghalani alikofungasha mizigo miaka kumi na minne akiwa amesimama wima. Wengine mlimjua kwa maneno yake, maana Bi Bimkubwa hakuwa mtu wa kunyamaza. Leo tutamkumbuka kwa kitu ambacho wachache mmekiona. Ni nguzo ya zege iliyosimama nyuma ya nyumba yake. Nguzo ya kubebea darubini.

Tuanze na jicho.

Kisukari kilikuwa kimeshalichukua jicho lake la kulia. Mwezi wa Agosti, daktari wa macho kule Rockville alimweleza bila kuzunguka kwamba la kushoto nalo linafuata. Hakumpa tarehe. Alisema huenda likafika majira ya machipuko, huenda lisifike. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hadithi yote imesimama hapa: jicho moja lilikuwa limekwenda, na lililobaki lilikuwa limebakiza miezi.

Garini, wakirudi, Taufiq aliendesha polepole. Alikuwa akingoja mama yake alie. Mama yake alitazama dirishani mpaka walipopita maduka yote ya barabara ile kubwa ya Rockville. Kisha akauliza, "Hivi mfuko mmoja wa saruji huku una uzito gani?"

Taufiq alidhani hakusikia vizuri. "Saruji ya nini, mama?"

"Nimekuuliza uzito, hujaniambia uzito."

Sasa turudi nyuma kidogo. Miaka saba kabla ya siku hiyo, Bimkubwa alijiandikisha katika masomo ya jioni. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alitoka ghalani saa kumi, akapanda basi, akaingia darasani na viatu vya kazi. Alitaka cheti cha sekondari ambacho hakukipata ujanani. Mwalimu wake wa sayansi alikuwa Farai, Mzimbabwe aliyesomea chuo Morogoro, na Kiswahili chake ni kile cha kupanga neno baada ya neno kama mtu anayepanga vikombe. Darasani wanafunzi walimwita kwa jina lake tupu, kama ilivyo desturi ya huku. Bimkubwa hakuweza. Alimwita Mwalimu mpaka siku ya mwisho.

Jioni moja Mwalimu Farai alileta darubini ndogo, akaisimamisha kwenye maegesho ya magari, juu ya miguu mitatu ya alumini. Akailekeza kwenye Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Wanafunzi ishirini na wawili wakapanga foleni. Kila aliyefika aliishika, aliyefuata akamsukuma, mwingine akajikwaa kwenye mguu wa darubini. Zamu ya Bimkubwa ilipofika alipata muda wa kuhesabu mpaka tano. Aliona duara la rangi ya maziwa likirukaruka. Pembeni yake aliona vidoa vya mwanga, navyo vikirukaruka.

"Ile ni miezi yake," Mwalimu Farai akamwambia. "Iko minne inayoonekana kwa chombo kidogo kama hiki."

"Miye sijaiona minne. Nimeona vurugu."

Nyuma yake foleni ilicheka. Yeye hakucheka. Alipofika nyumbani alimwambia Taufiq kwamba siku moja ataitazama Mshtarii ikiwa imetulia, na atahesabu mwenyewe. Aliyaweka maneno hayo, akaendelea na maisha. Cheti alikipata. Mjukuu alizaliwa, akaitwa Layla. Darubini aliinunua baadaye kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba, bomba nene la inchi nane, likakaa miaka miwili kwenye chumba cha kufulia likiwa limefunikwa kanga. Kila mwaka alisema, mwaka huu. Halafu ikaja Agosti, na daktari akasema aliyoyasema.

Ndiyo maana garini aliuliza uzito wa saruji.

Mwalimu Farai alipopigiwa simu alikuja Jumamosi hiyohiyo. Alikuta mwanafunzi wake amekaa kwenye ngazi za nyuma, ameshachagua mahali uani kwa kuweka ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza mambo wazi. Darubini inakuza kila kitu inachokitazama, na mtikisiko nao inaukuza. Mtu mwenye macho mazima akitazama picha inayotikisika, huidaka ikitulia kidogo. "Wewe, Bi Mkubwa, jicho lako linahitaji muda. Linakusanya mwanga polepole. Ikitikisika, hutaona kitu." Kwa hiyo miguu ya alumini haifai. Inahitajika nguzo ya zege, iliyozama ardhini, isiyoguswa na sakafu wala ukuta.

Akamchorea kwenye karatasi. Nguzo katikati. Kibanda cha mbao kuizunguka, chenye paa la kusukumwa juu ya reli. Na kati ya nguzo na sakafu, pande zote, nafasi ya vidole viwili. Chini ya mchoro aliandika kwa herufi kubwa: ISIGUSWE NA KITU CHOCHOTE.

Fundi alikuwa wa nyumbani. Mke wa Taufiq anaitwa Chebet, mwenyeji wa Bomet, na kaka yake, Kipkemboi, anafanya kazi ya zege hapa Maryland mwaka wa kumi na moja sasa. Kipkemboi alikuja na jamaa wawili na jembe la kuchimbia mashimo. Kabla yao walikuja watu wa kuonyesha mabomba na nyaya zilizozikwa ardhini, wakapiga mistari ya rangi kwenye nyasi, nyekundu na njano, na Bimkubwa akalalamika kwamba ua wake umekuwa kitenge.

Walichimba futi nne. Udongo mwekundu wa huku unanata kama unga uliozidi maji. Sundus, shoga yake Bimkubwa, mama wa Mombasa anayeishi kule Adelphi, alikuja kuangalia akiwa na chupa ya chai.

"Mwachimba kisima ama mwamzika mtu?" akauliza.

"Futi nne, dada," Kipkemboi akamjibu kutoka shimoni. "Hapa baridi inaingia kwa udongo. Ukiganda unafura, unainua kila kitu iko juu juu. Mimi nimeona ngazi ya mtu imeachana na mlango yake."

Hilo Bimkubwa alilisikiliza. Alikotoka yeye ardhi haijawahi kuganda tangu iumbwe, na alikubali kwamba hajui. "Chimba mpaka utosheke, mwanangu," alisema.

La pili hakulisikiliza. Na hili la pili, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililoleta taabu.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Mifuko ishirini na minne ya nguzo na msingi wake ilikuwa imepangwa uani. Kando yake, Kipkemboi akaona mifuko mingine kumi ambayo hakuiagiza. Akamuuliza Taufiq. Taufiq akamwonyesha mama yake kwa kidevu.

"Hiyo ya baraza," Bimkubwa akasema.

Alitaka baraza. Kibaraza cha zege cha kukalia, kilichopinda nusu duara kuizunguka nguzo, ndani ya kibanda. Wenzake wakija wakae, wapokezane kutazama, wanywe kahawa, waseme. Na alitaka kishikane na nguzo, nondo kwa nondo, kiwe kitu kimoja. Kwao Wete, baraza limeshikana na ukuta wa nyumba, na nyumba hizo zimesimama umri wa watu watatu. Kwa hesabu yake, nguzo iliyoshikwa na baraza zito itakuwa imara maradufu.

Kipkemboi alikuna kichwa. "Mama, lakini mwalimu amechora nguzo iko peke yake."

"Mwalimu kachora nguzo. Wageni wangu hakuwachora."

"Ameandika isiguswe na kitu."

"Na baraza ni kitu? Baraza ni sehemu ya nguzo. Kunja hizo nondo, Kipkemboi, saruji inangoja."

Kipkemboi akakunja nondo. Zege likamwagwa, kwanza msingi, kisha bomba la karatasi ngumu lililosimamishwa wima, kisha baraza. Bolti nne zikazamishwa juu kabisa, zikishikiliwa na kipande cha mbao kilichotobolewa. Bimkubwa hakuweza kukiona kiputo cha pimamaji, kile kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa, kwa hiyo alimweka Layla juu ya kiti amsomee. Layla ana miaka sita. Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa nyumba zetu. Alisema kwa Kiingereza kwamba kiputo kimekaa katikati.

"Katikati kabisa?" bibi akauliza kwa Kiswahili.

Layla akajibu kwa Kiingereza kwamba katikati kabisa, na kwamba amechoka kusimama.

Mwalimu Farai hakuambiwa habari za baraza. Bimkubwa aliamua litakuwa zawadi ya kumshangaza.

Mwezi mzima zege likaachwa lishike. Oktoba kibanda kikainuka, mbao za msonobari, paa la kusukuma. Jicho nalo lilikuwa likiendelea na safari yake. Chebet anakumbuka kwamba wakati huo ndipo mama mkwe wake alipoanza kuacha kuwasha taa. Alihesabu hatua za ngazi. Alipanga chumvi kushoto na sukari kulia, na aliyezibadilisha alisikia maneno. Ndiyo asubuhi zile za kijiko na kikombe.

Mwishoni mwa Novemba, saa mbili usiku, walikifungua kibanda. Mshtarii ilikuwa imeshapanda juu ya paa la jirani. Mwalimu Farai akafunga darubini juu ya bolti nne, akailekeza, kisha akarudi nyuma akaliona lile baraza. Akina mama wanne walikuwa wamekaa juu yake na mablanketi magotini. Sundus alikuwa akisimulia jinsi mumewe alivyojifungia nje na taulo, na kibanda kizima kikicheka.

Bimkubwa akaweka jicho lake.

Mshtarii ilikuwa ikirukaruka.

Alingoja. Sundus akafika kwenye kisa cha jirani kupiga simu polisi, kicheko kikapanda, na duara lile la maziwa likatetemeka kama uji kwenye bakuli la mtu anayekimbia. Bimkubwa akasema, bila kuondoa jicho, "Hebu inukeni kidogo."

Wakainuka. Ikatulia kiasi. Lakini yeye mwenyewe hawezi kusimama muda mrefu, miguu ya ghalani ile. Akakaa kwenye baraza. Ikaanza tena. Kila alipovuta pumzi, ikaitika.

"Mwalimu," akasema, "darubini hii mbovu?"

Farai akaweka kiganja juu ya nguzo. Akamwomba Sundus akae, kisha asimame, kisha akae tena. Halafu akachuchumaa akapapasa pale baraza linapoungana na nguzo. "Bi Mkubwa, darubini ni nzima. Kila anayekaa hapa, ameishika nguzo mkononi."

Sundus ndiye aliyejibu kwanza. "Sasa umetujengea baraza tusimame?"

Wasikilizaji wapendwa, mngetegemea mtu alikate baraza litengane na nguzo siku ya pili yake. Bimkubwa hakukata. Wiki tatu hakukata. Alisema nguzo itazoea, kana kwamba zege lina tabia. Wenzake waliporudi aliwapokea kwa chai, lakini kila walipotaka kukaa aliwaambia wainuke. Walisimama katika baridi ya Desemba, wakabadilisha mguu huu na huu, wakasema kazi inaanza mapema. Wiki ya kwanza walikuja wanne. Wiki ya pili wawili. Wiki ya tatu alikuja Sundus peke yake, akasimama, akasema, "Mwenzangu, miye nakupenda, lakini nshakuwa mlinzi wa benki hapa," naye akaenda.

Hivyo alibaki na baraza lisilo na watu na nguzo isiyo na utulivu. Na jicho halikuwa likimngoja. Mwanzoni mwa Desemba bado aliweza kuona namba za saa ya ukutani. Katikati ya Desemba aliona saa tu.

"Nilimkuta kibandani mchana," Chebet ametuambia. "Amekaa peke yake kwa hiyo baraza, amefunga darubini na kanga. Nikamuuliza, mama, kwani unataka nini hasa, kuona ama kukaa na watu? Akaniambia, nataka vyote. Nikamwambia basi vitenganishe."

Jioni hiyo Bimkubwa alimpigia simu Mwalimu Farai, akamwambia maneno ambayo mwalimu anayakumbuka mpaka leo: "Ulinichorea vizuri, nikajenga kiburi changu. Kukikata kutaharibu nguzo?"

Farai akamwambia hakutaharibu. Nguzo ina msingi wake futi nne chini. Baraza lina msingi wake juujuu. Vikiachana, kila kimoja kitasimama.

Kipkemboi alikuja na msumeno wa zege, ule wa kumwagiwa maji ukikata. Alitaka kucheka akajizuia, kisha akashindwa kujizuia. "Mama, si nilisema?"

"Ulisema kwa sauti ndogo. Fundi akijua jambo anapayuka."

"Siku ingine nitapayuka."

"Na miye nitakusikia. Haya, kata."

Lakini kabla hajakata alimsimamisha. Akachukua chaki ya Layla. Hakuona vizuri anapochora, kwa hiyo alitanguliza vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavisukuma kufuata mzunguko wa nguzo, na chaki ikavifuata nyuma. Alianza upande mmoja wa nusu duara akamalizia wa pili. Alitumia robo saa nzima. Mstari ulikuwa umekaa sawa kuliko ambavyo Kipkemboi angeuchora kwa kamba.

Msumeno ulilia saa mbili. Ulipofika kwenye nondo ulirusha cheche, na jirani akafungua dirisha kuangalia kama kuna moto. Maji ya kijivu yalitiririka mpaka kwenye nyasi. Kipande kile chembamba kati ya mstari na nguzo kilipotoka, Bimkubwa aliingiza vidole vyake viwili kwenye mwanya, akaupapasa wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Vidole havikukwama popote.

Januari ilikuja na baridi ya kukata masikio. Jioni moja baada ya sala ya isha, Taufiq akiwa kazini na Chebet akiosha vyombo, Bimkubwa alitoka na Layla. Alikuwa ameshafundishwa kuitafuta Mshtarii na mwalimu wake, na Layla alimsaidia kusoma namba ndogo. Wakasukuma paa. Bimkubwa akakaa kwenye baraza, akajifunika blanketi, akaweka jicho.

Mwanzo hakuona kitu ila mng'ao. Hakujisogeza. Alimwambia Layla aimbe wimbo wowote wa shule, ili ajue muda unakwenda. Layla akaimba mmoja, akaimba wa pili. Kwenye wa pili duara likajikusanya. Lilikuwa limetulia tuli. Kisha kidoa kimoja kulia. Layla akaishiwa nyimbo akaanza kuhesabu kwa sauti. Kidoa cha pili, kulia vilevile, mbali zaidi. Muda mrefu ukapita. Kidoa cha tatu kushoto, na karibu nacho, hafifu mno, kidoa cha nne.

"Minne," Bimkubwa akasema. "Miwili huku, miwili huku."

Layla anasema bibi yake hakulia wala hakucheka. Alimwambia tu, "Ruka."

Layla akamuuliza kwa Kiingereza aruke vipi.

"Ruka hapo kwenye sakafu. Ruka kwa nguvu."

Layla akaruka. Akaruka kwenye sakafu, akapanda barazani akaruka huko, karibu na bega la bibi. Mbao zikanguruma. Bimkubwa hakuondoa jicho. Miezi minne ya Mshtarii ilikaa palepale ilipokuwa.

"Baridi ikipungua," alimwambia mjukuu wake wakati wa kufunga paa, "nitawaita wote waje wakae."

Aliona mara sita zaidi. Tunajua ni mara sita kwa sababu kila alipoona alimwambia Chebet aandike tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na idadi ya miezi aliyoihesabu. Mara ya kwanza minne. Mara nyingine mitatu, maana mmoja huwa umejificha nyuma. Mara ya mwisho miwili tu, na siku hiyo Layla alitazama baada yake akaona minne. Chebet aliandika namba zote mbili. Bimkubwa alimsikia akiandika, hakumzuia.

Baridi haikupungua kwa wakati. Katikati ya Februari, moyo ulisimama usingizini. Taufiq ndiye aliyegundua, kwa sababu alfajiri hiyo jikoni kulikuwa kimya.

Wasikilizaji wapendwa, familia ya Bimkubwa Jawad ni familia yetu. Taufiq, tunakupa pole. Ulimwendesha mama yako kila alikotaka kwenda, hata alipokuuliza mambo ya saruji. Chebet, pole dada. Ulimwambia mama mkwe wako ukweli, na akaupokea. Kipkemboi na Mwalimu Farai, pole, na asanteni kwa mikono yenu. Bi Sundus, tunajua umepoteza shoga wa miaka kumi na minane. Mwenyezi Mungu amfungulie Bimkubwa njia nyepesi, na ampe huko nuru isiyohitaji jicho.

Na sisi tuliobaki, wiki hii tutembee ndani ya nyumba zetu. Tutazame tulichojenga kwa kupenda watu, ambacho siku hizi kinawafanya watu wasimame. Labda kuna mtu tumemwambia inuka kidogo, naye akaondoka, na sisi bado tunasubiri zege lizoee. Kutenganisha vitu viwili kwa vidole viwili hakuhitaji ugomvi. Kunahitaji mtu aseme, nilikosea, leteni msumeno. Bimkubwa alisema hivyo akiwa na miaka sitini na miwili, na nusu ya jicho.

Tunamalizia na jambo lililotokea Ijumaa iliyopita, siku ya hitima yake. Baada ya dua na chakula, jioni ikiwa imeingia, Taufiq alifungua kibanda akasukuma paa. Mshtarii ilikuwa juu kabisa. Mwalimu Farai akailekeza darubini, na Layla, ambaye anafika akipanda kiti, akawa wa kwanza kutazama.

Akina mama waliingia nyuma yake mmoja mmoja, Sundus mbele. Walikuwa wanane. Baraza lilikuwa tupu, limefutwa vumbi, na mablanketi yamekunjwa juu yake. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba lilikatwa. Walisimama kando ya ukuta wa mbao wakiwa wameshikilia baibui zao zisiguse kitu, wakizungumza kwa kunong'ona, na mmoja alipotaka kuegemea, mwenzake akamvuta mkono.

Layla hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye darubini. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kaeni tu, haitikisiki."